Waliowahi kumkatia mpenzi picha ya karatasi, tupeane uzoefu

Mleta uzi, Kisumu
Wadau salama? Bathdei ya mtu wangu imebakisha siku 9 na mfuko umetoboka, kwa hivyo nimeamua nimkatie ile picha ya manila zinazopangwa moja juu ya ingine halafu unaweka taa ndogo nyuma. Nataka jua likizama pale ufuo wa Dunga, boti moja na watu wawili ndani, tabaka 6. Nimeshaharibu manila 4, na hata zile zimetoka poa nikizipanga inaonekana bapa tu kama kadi ya harusi. Wenye mmewahi kufanya leteni stori, hata zile za aibu.

Wa Section 58, Nakuru
Bapa ni juu umegandisha karatasi kwa karatasi, lazima hewa ipite katikati ndio kivuli kianguke. Mimi nilifanya ya flamingo wa Lake Nakuru, ile selotepu nene ya sponji nilisikia bei nikarudi nyumbani polepole, nikachukua pata pata ya zamani nikaikatakata vipande kama punje ya mahindi nikabandika kwa pembe na katikati ya kila upande. Kivuli kilitoka safi hadi akauliza nimenunua wapi. (Pata pata ya pili bado naogea nayo.) Halafu ya mbele ndio inakatwa tundu kubwa, ukirudi nyuma tundu linapungua, ya mwisho kabisa huikati. Rangi nayo weka giza mbele, nyuma zififie, kama vile ukisimama kwa kreta ya Menengai asubuhi unaona ule ukingo wa ng'ambo umepauka.

Kakamega hapa
Yangu ni fupi. Nilikata jina lake, kuinua karatasi matumbo ya A na O yote yamebaki kwa meza. Acha kidaraja cha milimita 2 au 3 kishikilie. Na anza na vitu vidogo vya ndani, mzunguko wa nje uwe wa mwisho, ukianza na nje karatasi inalegea inacheza chini ya kisu.

Mkwe mtarajiwa
Ngojeni niwape yangu. Mimi ni wa Kitale, Kijaluo najua cha kununua samaki tu. Deti yetu ya kwanza tulienda Kit Mikayi, yale mawe makubwa yamebebana huko barabara ya Bondo, nikapiga picha na simu, saiba wakaniprintia A4, nikaigawanya tabaka 5: mbingu, miti ya mbali, mawe, kichaka, nyasi za mbele. Usiku 4 nimeinama. Kidole nilikata mara mbili na tone la damu likaanguka kwa mbingu, nikalifunika na ndege mdogo wa karatasi nyeusi, na sijui kwa nini yule ndege ndio kila mtu husifu. Fundi wa jua kali akanipigia fremu ya kina cha inchi 2 na mbao za paleti. Siku ya siku mrembo anafungua, ananyamaza, anaguza kioo, mimi nangoja machozi ya furaha. Anasema, "Wewe unajua Kit Mikayi ni nini? Ni jiwe la mke wa kwanza. Sasa wa pili ni nani?" Wazee, nilijitetea hadi saa sita usiku. Fremu ilikaa chini ya kitanda miezi mingi, siku hizi iko sebuleni lakini wageni wakiuliza ni wapi anasema ni mawe tu.

Section 58 tena
😂😂 Bora ungekata flamingo.

Bungoma boy
Gluu ya maji hapana. Karatasi inakunywa inafanya mawimbi, na si yale ya ziwa. Tumia ya stiki. Hata karatasi ya printa ya gramu 80 achana nayo, inalala, tafuta ya 160 kwenda juu. Na kama kisu ni kile cha wembe wa vipande, usiogope kuvunja ncha kila mara, ikiwa butu inararua badala ya kukata. Kuna boi alinicheka eti hii ni kazi ya nasari, nikamwambia Wachina wamekata karatasi karne na karne hadi UNESCO ikaiweka kwa orodha ya urithi 2009. Bado alicheka.

Wa London (ya Nakuru)
Taa iwe ya LED ya betri. Mimi niliweka mshumaa juu nilitaka mapenzi yanukie. Yalinuka moshi.

Mleta uzi
Asanteni, nimevunja pata pata za landilodi. Mawimbi yametokea, jua limekaa, boti imesimama. Shida ni hao watu wawili, shingo nilizifanya nyembamba sana na mmoja amepoteza kichwa, ikabidi nimtoe. Sasa ni boti ya mtu mmoja na ni siku 2 zimebaki. Nimwambie huyo ni nani?

Kakamega hapa
Mwambie ni yeye. Wewe uko majini unasukuma.