Kadi ya Medicare ukiwa Dodoma, na bima ya mama kule Mvumi

Mbukwenyi ndugu zangu,

Mdogo wetu wa Columbus, Marekani, ameuliza humu kundini swali ambalo hata mimi liliwahi kuninyima usingizi. Anatimiza miaka 65 mwezi wa nane, nyumba yake ya Nzuguni hapa Dodoma imeshaezekwa, na anataka kurudi. Je, achukue Part B ya Medicare (ile bima ya serikali ya Marekani kwa walio na miaka 65 na kuendelea; Part B ni ya madaktari na kliniki) na kuilipia kila mwezi, au aiache kwa kuwa huku haitamfaa? Halafu mwishoni, kama kitu kidogo tu, akauliza mama yake mwenye miaka 84 kijijini amkatie bima gani.

Nitajibu yote mawili. Naanza na la kwanza kwa sababu lina tarehe, na tarehe ikipita ndiyo imepita.

Medicare haivuki bahari. Nje ya Marekani na maeneo yake hailipi, isipokuwa katika hali chache mno ambazo haziwezi kumkuta mtu aliyeko Dodoma. Ukishikwa na kifua Nzuguni saa nane usiku, kadi ile haina kazi. Ndiyo maana wengi wetu tunakimbilia kusema, "Basi naacha." Ngojeni kwanza.

Part A, ile ya kulazwa hospitali, ni nyepesi. Ukiwa umefanya kazi na kukatwa kodi kwa miaka 10 hivi (wenyewe wanahesabu robo 40 za mwaka), huilipii ada ya mwezi. Yenye bei ni Part B. Mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi kwa mtu wa kipato cha kawaida, na kwa anayepokea pensheni ya Social Security inakatwa humo humo. Kwa mwaka ni dola 2,220, na hata ukishailipia, matibabu mengi bado unabeba asilimia 20 mwenyewe. Kwa maisha ya Dodoma hiyo si hela ya kutupa.

Lakini angalia upande wa pili. Ukiacha kujiandikisha kwa wakati, kila miezi 12 kamili unayokaa bila Part B inaongeza asilimia 10 juu ya bei, na nyongeza hiyo unaibeba maisha yako yote. Kukaa Dodoma ukiwa mstaafu hakukupi msamaha. Mtu akikaa huku miaka minne kisha akataka kurudi kwenye Part B, atalipa asilimia 40 zaidi ya wenzake. Tena hajiandikishi siku anayotaka. Mlango unafunguliwa Januari 1 na kufungwa Machi 31, na bima inaanza mwezi unaofuata ule aliojiandikisha. Fikirieni mzee anayepandishwa ndege mwezi wa nne kwenda kwa mwanawe, moyo umechoka, anaambiwa asubiri hadi Januari. Nimefanya kazi ya kuwatunza wazee Minnesota zaidi ya miaka ishirini. Wazee wa namna hiyo nimewaona, na watoto wao nimewaona wakiuza magari.

Kwa hiyo msiulize kama Part B itakufaa ukiwa Dodoma, maana jibu lake ni hapana. Jiulize hivi: siku nitakapolala kitandani mwezi mzima nisiweze kunyanyuka, nitakuwa nimelala wapi, na nani atakuwa ananigeuza? Ukilijibu hilo kwa ukweli, la bima linajijibu. Kama watoto wako wote wako Ohio, na unajua wakisikia umeanguka watakukatia tiketi siku hiyo hiyo, lipa Part B na usilalamike. Kama watoto wako wako Dodoma na Arusha, Marekani umeshafunga kila kitu na huna mpango wa kurudi, acha na uwe na amani.

Mimi niliichukua. Nina binti Minnesota, kila mwaka naenda kwake miezi mitatu, na nina presha na goti moja linalonisumbua. Nilichokikataa ni ile mipango ya Medicare Advantage, ya kampuni binafsi badala ya Medicare ya kawaida, ambayo hutangazwa kwa meno na miwani ya bure. Mipango hiyo inakutaka uishi ndani ya eneo lake, na mtu mwenye maisha Dodoma hawezi kusema kwa kweli kwamba anaishi Minneapolis. Nikachukua Medicare ya kawaida na Medigap juu yake, yaani bima ya ziada ya kuziba mapengo ya Medicare. Baadhi ya Medigap hulipia dharura nje ya Marekani, asilimia 80 baada ya wewe kutoa dola 250 za kwanza, lakini ni kwa siku 60 za mwanzo za safari na kikomo ni dola 50,000 kwa maisha yote. Hiyo ni ya msafiri. Anayekuja kuishi asiitegemee.

Hapa Dodoma nina bima ya kampuni binafsi. Kampuni niliyoiendea kwanza ilinikataa kwa sababu ya umri, ya pili ikanikubali kwa bei ya juu. Ningeitafuta nikiwa na miaka 58 nisingezungushwa hivyo. Mlio na miaka hiyo sasa, lisikieni hili.

Kuna kaka humu kundini alishauri, "Mlete tu mama, ana zaidi ya 65, atapewa Medicare." Kaka yangu, samahani, si hivyo. Mzazi aliyeletwa kwa grini kadi na hajafanya kazi huko lazima aishi Marekani miaka mitano mfululizo kwanza. Baada ya hapo ananunua. Kwa bei za 2025, Part A peke yake ilikuwa dola 518 kwa mwezi, ukiongeza Part B inakuwa dola 703, kila mwezi. Na katika miaka hiyo mitano akitaka kurudi Chamwino akae mwaka mzima aone wajukuu wengine, anahatarisha hiyo grini kadi yenyewe. Mama aliyezoea kuota jua la asubuhi nje ya nyumba yake, jirani akipita anamsalimu, utamfungia ghorofani Columbus kwa ajili ya bima ambayo bado hajaipata.

Sasa twende kwa mama aliyeko nyumbani, na hapa ndipo mimi nilipokosea.

Mama yangu yuko Mvumi. Nikiwa bado Marekani nilidhani kazi yangu ni kutuma hela tu, kaka amkatie kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, basi nilale. Kadi ikakatwa. Mara ya kwanza alipougua, kaka akampeleka kituo kimoja ambacho sitakitaja. Wakafika dirishani, wakaambiwa aweke kidole kwenye mashine ahakikiwe. Mashine ikakataa. Muuguzi, binti mpole kwa maelezo ya kaka, akamfuta kidole kwa kitambaa, akajaribu tena. Ikakataa. Wakajaribu kidole gumba cha kushoto, kisha cha shahada, kisha wakamnawisha mikono kwa sabuni. Mikono ya mama imelima mtama na karanga miaka sabini, ncha za vidole ni laini kama kokoto ya mtoni. Mama akawatazama, akasema, "Vidole vyangu vimekwisha kwa jembe, sasa vinanikana." Siku hiyo walilipa taslimu. Kaka aliponisimulia kwenye simu nilikaa kwenye gari pale maegesho ya kazini, nikashindwa kuingia.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza bei ya kifurushi chochote nauliza kwanza: akiugua usiku, mlango wa kwanza atakaougonga ni upi? Zahanati? Hospitali ya misheni? Je, mlango huo unapokea kadi hii? Na nani atamfikisha? Kadi inayopokelewa hospitali kubwa mjini haimsaidii mtu aliyeko kilomita 40 kutoka mjini, na barabara imekatwa na mvua.

Njia ya kwanza ya kuangalia ni kama una ndugu aliyeajiriwa serikalini. Mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara wa msingi, tatu zake na tatu za mwajiri, na kwa mchango huo huo anajumuisha mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Wategemezi hao wanaweza kuwa watoto, wazazi wake au wakwe zake. Kwetu kaka ni mwalimu, ana watoto watatu. Ikabaki nafasi moja. Mimi, nikiwa mbali na kiburi cha dola, nikasema hiyo ni ya mama, hakuna mjadala. Nilikuwa nimesahau kwamba wifi yangu naye ana mama, tena mgonjwa wa sukari, na hana mtu mwingine. Tulikaa kikao cha simu karibu saa mbili, sauti zikapanda. Aliyekimaliza ni mama. Alisema, "Mpeni mama wa mkwe wangu. Huyu anayepiga kelele kutoka Marekani atanilipia mwenyewe." Ndivyo ilivyokuwa. Mama wa wifi akaingia kwenye nafasi ya nne, mama nikaendelea kumlipia kifurushi mimi.

Vifurushi hivyo vya kulipia mwenyewe vipo, na bei inakwenda na umri. Walio na miaka 60 na kuendelea ndio wanaolipa zaidi. Uliza mambo mawili kabla ya kutoa hela: magonjwa ambayo tayari anayo, presha au sukari, dawa zake zimo? Na kuna huduma zenye kipindi cha kusubiri, ni zipi? Usingoje augue ndipo ukate. Lile la vidole pia lisemeni siku ya kusajili, si siku ya homa. Kaka alirudi ofisini na mama, wakachagua kidole kinachosomeka vizuri zaidi. Kumbe cha pete cha kulia bado kina mistari.

Kama mama yako yuko kijijini na shida zake ni za kawaida, msiidharau CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ila ulizeni kwanza kama bado inatolewa. Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuijaribu. Ilipoenezwa nchi nzima mwaka 2018 bei huku kwetu iliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikamhusu mama na wajukuu anaolea nyumbani. Haikufika Hospitali ya Benjamin Mkapa, ile iliyofunguliwa 2015 karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, ambako tangu 2018 wanapandikiza hata figo. Mzee wa moyo au figo anahitaji kadi inayofika huko.

Upo pia msamaha wa wazee. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wasio na uwezo hupewa kitambulisho cha matibabu bila malipo kupitia halmashauri. Anza kwa mtendaji wa kijiji. Nasema waziwazi: mwenye mtoto anayepokea dola asimpange mama yake kwenye foleni hiyo. Mwachieni mzee asiye na mtu. Lakini hata mama mwenye kadi yake apitie dirisha la wazee, asisimame.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma Novemba 2023, na inamtaka kila mkaazi awe na bima. Kwa hiyo majina na bei za vifurushi havitakaa palepale. Msitume hela kwa kuamini picha ya bei iliyozunguka WhatsApp tangu mwaka juzi. Ndugu aliyeko mjini aende ofisi ya mfuko, aulize siku hiyo, apige picha karatasi akutumie.

Jambo ambalo hakuna kadi inayolilipa ni nauli na mtu. Mimi natenga shilingi 50,000 kila mwezi kwenye simu ya mpwa wangu, haziguswi ila kwa ajili ya mama: bodaboda, basi la kwenda mjini, chai ya anayemsindikiza, na dawa ikikosekana dirishani wakaambiwa wakanunue nje. Mpwa anajua namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ya bibi yake kwa kichwa.

Nyongeza, jioni hii. Dada wa Houston ameniandikia pembeni akiuliza kama mwenye uraia wa Marekani anaweza kujisajili huku kama zamani. Dada, sheria ya Tanzania haina uraia pacha. Ukishachukua wa huko kwa hiari ukiwa mtu mzima, wa huku umekwisha, na kitambulisho cha raia si chako tena. Ninaishi hapa kwa kibali cha ukaazi. Usimpe ndugu kadi yako ya zamani akakukatie bima, siku ya kuhakikiwa itakuumbua. Nenda mwenyewe na kibali chako mkononi uulize unastahili nini.

Na wewe mdogo wangu wa Columbus: umezaliwa mwezi wa nane, dirisha lako limefunguka tangu mwezi wa tano na litafungwa mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Ukijiandikisha kabla ya mwezi wa nane, bima inaanza mwezi huo huo. Piga simu Social Security wiki hii. Ukimaliza, mpigie mama, umuulize mara ya mwisho alipougua alikwenda wapi na nani alimpeleka, kisha uniandikie alichokujibu. Ofisi ya mfuko nitapita mwenyewe Jumatatu, nikitoka sokoni Majengo.