Tupeane uzoefu: Mwanafunzi aliyepitia makubwa, ulimsaidiaje darasani?

Mwanzisha mada, Manyara
Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha msingi wilayani Hanang. Maporomoko ya tope ya Jumapili ile, 3 Desemba 2023, kila mtu anayajua. Januari tukapokea darasani watoto waliozika wazazi. Nikatoa insha tunayoitoa kila mwaka, "Siku nisiyoisahau". Mtoto mmoja akaandika kichwa cha habari, basi. Nikamsimamisha, nikamgombeza mbele ya wenzake kwamba ni mvivu. Mapumziko, mwenzake wa dawati moja akaninong'oneza: "Mwalimu, huyo alimwona mama yake akichukuliwa na tope." Nilimwita nikamwomba radhi, na tangu siku hiyo natoa insha mbili, kila mmoja achague yake.

Ila mvua ndiyo iliyonifundisha zaidi. Bati likianza kulia, nusu ya darasa inageuka kuutazama mlima Hanang, ulikotoka tope lile. Zamani ningegonga meza. Sasa wingu likitanda nawaambia mapema: mvua inakuja, somo tutalisimamisha, mlango utabaki wazi, anayetaka kukaa karibu nao akae. Kisha tunaimba jedwali la kuzidisha kwa sauti ya kuishinda mvua. Kuna binti alihamia dawati la mlangoni mwezi wa pili, mwezi wa tano akarudi nyuma mwenyewe, sikumwambia kitu.

Nyie wenzangu mlifanyaje?

Mwalimu wa Naivasha
Pole sana mwalimu. Sisi maji yalitupitia Mai Mahiu usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024. Shule zilipofunguliwa Mei 13 nilikuwa na kijana wa Gredi ya Tano anayesinzia kuanzia somo la kwanza. Mwalimu wa zamu alitaka asimamishwe nyuma ya darasa. Kumbe usiku halali kabisa, kwa sababu maji yaliwakuta usingizini. Nikakubaliana na shangazi yake anayemlea: baada ya uji alale kidogo ofisini kwangu, jioni nimfidie hesabu. Wenzangu walisema namdekeza. Hesabu zake hadi leo hazijakaa sawa, lakini hajakosa shule.

Madam wa sekondari, Mwanza
Mimi nilikosea kwa kuahidi siri. Binti wa kidato cha pili alinisihi nisimwambie mtu, nikaapa. Alichonisimulia kuhusu mtu wa nyumbani kwao hakikuwa cha kufichwa. Ikabidi niende kwa mkuu wa shule, ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Wiki tatu hakuniangalia usoni, na iliniuma sana. Siku hizi nasema kabla mtoto hajafungua mdomo: "Nitakusikiliza. Kama kuna anayekuumiza nitatafuta wa kutusaidia, na wewe utajua kabla sijamwendea." Wenzangu, ile namba ya simu 116 ya kuwasaidia watoto ni bure, Tanzania na hata Kenya. Iandikeni ukutani.

Mwalimu mstaafu, Tanga
Na fimbo, jamani. Kanuni zetu zinasema visizidi viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kitabuni. Lakini mtoto anayepigwa nyumbani, hata kimoja kinamrudisha kulekule. Niliwahi kumnyanyulia fimbo mtoto wa darasa la tatu akajikojolea kabla haijashuka. Niliiweka chini, sikuishika tena mpaka nastaafu.

Mwalimu mpya
Shikamooni. Nina mtoto wa darasa la pili, tangu baba yake afariki hajasema neno darasani. Nikimuuliza swali anainamisha kichwa. Nifanyeje?

Mwanzisha mada, Manyara
Marahaba. Kwa sasa usimuulize mbele ya wenzake. Mpe kazi isiyotaka maneno, kama kufuta ubao au kugawa madaftari, kila siku saa ileile. Nenda pia kwa mlezi wake umsikilize, na umhusishe mwalimu wa malezi. Wa kwangu nilimpa madaftari ayahesabu. Wiki ya tano hivi nikamsikia anahesabu kwa sauti: kumi na moja, kumi na mbili. Nikaendelea kuandika ubaoni kama sijasikia.