App za kupima mwili kwa kamera, fundi anaweza kuziamini?

DadaPindo
Habarini wakuu. Mi fundi, nashona magauni ya vitenge na sketi suti hapa Mwanza, siku hizi wateja wangu wengi wako nje, Oman na Uingereza huko, mtindo wanachagua Instagram, kitambaa nanunua mimi halafu vipimo wananitumia WhatsApp. Shida ndo vipimo. Mtu anajipima mwenyewe, kiuno anapimia pale anapofungia mkanda wa suruali, bega ndo usiseme. Sasa mmoja kaniambia kuna app unapiga picha mbili tu inakutolea kila kitu. Naweza kweli kukata kitambaa cha mtu kwa kutegemea hiyo?

Kamera_tatu
Zipo nyingi dada. Unaingiza urefu wako, unapigwa picha ya mbele na ya ubavu, app inatumia ule urefu kama rula inakisia mzunguko wa kifua, kiuno, nyonga. Kwa hiyo mtu akidanganya urefu (wanaume hapo ndo kwetu) vyote vinaharibika kwa pamoja. Na avae nguo ya kubana, kamera haioni kilichoko ndani ya dera. Simu isimame wima isiinamie.

mzee wa kaunda suti
Hii kitu sio mpya jamani. Brooks Brothers, wauza suti wa pale New York, waliweka mashine ya kuskani mwili dukani tangu 2001. Halafu Zozo, wauza nguo mtandaoni wa Japani, wakaja na nguo ya kubana yenye madoa meupe mwili mzima, unaivaa unazunguka mbele ya simu, simu inasoma yale madoa, 2018 wakaigawa bure mpaka nje ya Japani, mwaka uliofuata wakafunga biashara ya Marekani na Ulaya. Na vipimo vya watu walikuwa navyo kibao!

Mashine inakupa mwili, haikupi nguo. Nyonga 42, ukikata sketi ya kitenge 42 mteja hakai kwenye kiti, kitenge hakivutiki, lazima uongeze, na uongeze kiasi gani inategemea mtu anapenda kubanwa au kupumua, hiyo kamera haiijui. Mwambie achukue gauni lake linalomkaa vizuri, alilaze mezani, alipime hilo nalo akutumie. Ukilinganisha na namba za app utamjua.

niko_muscat
Mi ndo mteja wa aina hiyo 😂 naagiza nyumbani kila Idi. Ila hizo picha za taiti zinaenda wapi? Siwezi kupiga picha ile nikaiweka kwenye app ambayo hata mwenyewe simjui, mume wangu mwenyewe atashangaa.

Kamera_tatu
@niko_muscat uko sahihi, kuna zinazopima humohumo kwenye simu na kuna zinazopeleka picha kwenye seva zao, soma masharti kabla. Fundi yeye atumiwe namba tu, picha haimhusu.

DadaPindo
Asanteni sana, ya gauni la mezani naanza nayo leo leo. Mzee wangu, sketi ya penseli ya kitenge nikiongeza inchi 2 kwenye nyonga inatosha?

mzee wa kaunda suti
Inatosha, ila mpasuo wa nyuma usiusahau atashindwa kupanda ngazi. Na mishono ya ubavu iachie akiba ya kutosha, ikimbana fundi wa hukohuko aliko ataiachia.