Kilo za samaki hazijumlishiki sawa kwenye lugha ya programu ya Python

Mwanafunzi, Nyegezi: Wakuu, programu yetu ya mizani ya mwalo wa Kirumba ikijumlisha 0.1 na 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Python ina kasoro?

Jibu 1: Hapana mkuu. Kompyuta huandika namba kwa 0 na 1 tu, na humo 0.1 haina mwisho, kama 1/3 kwenye desimali. Hifadhi gramu kwa namba nzima. Gawanya kwa 1000 unapoonyesha tu.

Jibu 2: Sahihi, ila angalia mnapobadilisha kilo kuwa gramu, wengi wanakwama hapo: int(1.005 * 1000) hutoa 1004, gramu moja imepotea! Jibu la kuzidisha ni 1004.999..., na int hukata desimali. Pokea kilo kama maandishi, Decimal("1.005"), aina ya namba inayotunza desimali kama ilivyoandikwa, ndipo uzidishe. Alama za nukuu usiziache.

Mwanafunzi, Nyegezi: Imekubali, 1005. Asanteni sana.