Kutoa matairi yaliyogundishwa kwenye ringi za magari ya rimoti: maji ya moto, asetoni au oveni?

Mkaazi wa Fuoni
Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninazo ringi nne za gari la rimoti la kipimo cha 1/8, yaani moja ya nane ya gari halisi, zile zenye tundu la pembe sita la milimita 17. Matairi yake yamekuwa vipara kwa kukimbizwa kwenye lami na mchanga wa pwani, lakini ringi zenyewe hazina ufa wala hazijapinda. Ninayo pia jozi ya matairi yenye meno mazuri, ila yamegandia kwenye ringi zilizovunjika, nayo ningependa kuyaokoa. Kwa kuwa vipuri hivi huagizwa kutoka nje, na gharama ya kuvisafirisha hadi Unguja mara nyingine huizidi bei ya kitu chenyewe, sioni sababu ya kutupa kizima pamoja na kibovu. Njia ninazozisikia ni tatu: kuchemsha, kuloweka kwenye asetoni (kile kiyeyushi kinachotumika kutolea rangi ya kucha) na kuweka kwenye oveni. Naomba mnilinganishie kwa kueleza kila moja inaharibu nini, kwa sababu sifa zake nimeshazisikia.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Wa alaykum salaam. Kwanza zitenganishe kazi zako mbili. Kwenye zile ringi nne unachokihitaji ni ringi peke yake, kwa hiyo likate tairi kwa kisu kikali karibu na mdomo wake, ulitoe pamoja na sponji lililojazwa ndani yake, na kinachobaki kiwe ule ukanda mwembamba wa mpira ulioshikwa na gundi. Hapo umepunguza sehemu kubwa ya kazi kabla ya kuwasha jiko.

Matairi haya hugundishwa kwa sianoakrileti, yaani supagluu. Gundi hiyo ikishakauka huwa ngumu kama kioo, lakini haivumilii joto kwa muda mrefu. Nyingi za kawaida huanza kudhoofika zikifika nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na maji ya moto huzidi kuila taratibu. Ndiyo maana ninapendelea kuchemsha kabla ya kujaribu jambo jingine. Tumia sufuria ya zamani ambayo haitarudi kupikiwa chakula, weka kitambaa chini ili ringi isiguse chuma kilicho juu ya moto, na uiache kwa dakika ishirini au zaidi. Itoe kwa koleo, vaa glavu nene, kisha sukuma mdomo wa tairi kwa kitu butu, kwa mfano mpini wa kijiko. Bisibisi huchimba ukingo wa ringi, na ringi iliyochimbika haitakaa vizuri na tairi jipya. Ukiona gundi inang'ang'ania, rudisha majini badala ya kuongeza nguvu.

Sponji likiwa bado ndani litanyonya maji kupitia vile vitundu vya kupitishia hewa. Ama uvizibe kwa utepe, ama ukubali kukamua na kuanika baadaye.

Mpemba wa Wete
Nakubaliana nawe kuhusu ringi, lakini kwa yale matairi mazuri mimi nasimama na asetoni. Kuchemsha hulegeza gundi bila kuiondoa, na unapolibandua tairi, mara nyingi gundi huondoka na ngozi ya mpira kutoka kwenye mdomo wake. Asetoni huiyeyusha gundi yenyewe, na tairi hutoka na mdomo mzima. Ringi za mwenzetu zimeshavunjika, kwa hiyo hata zikidhurika hakuna hasara.

Loweka kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko cha bati, usiku mzima au hata siku nzima, huku ukiigeuza mara kwa mara. Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa haifai, kwani asetoni huidhuru. Mpira ukitoka utakuwa umevimba na kulegea, na mtu asiyejua atadhani ameliua tairi. Uanike kivulini penye upepo mpaka harufu iishe kabisa, nao utarudi katika umbo lake. Hata hivyo asetoni huufyonza mpira baadhi ya mafuta yake, kwa hiyo tairi lililolowekwa muda mrefu huwa gumu kidogo kuliko lilivyokuwa. Kwa anayekimbiza gari kwa mashindano hilo ni jambo la kuzingatiwa, ila kwa mchezo wa jioni sidhani kama utaona tofauti kubwa.

Bi Hamamni
Kaka zangu, mimi ninauza vipodozi, na vijana huja dukani kutafuta "dawa ya kutolea rangi ya kucha" kwa kazi hii. Naomba msome kibandiko kabla ya kununua. Baadhi ya dawa hizo hazina asetoni hata kidogo, na nyingine zimechanganywa maji, mafuta na manukato ili zisikaushe kucha. Hizo zitakusumbua bure, kwa sababu mafuta yatabaki kwenye mpira na gundi mpya haitashika. Na thina ya rangi ya maduka ya vifaa vya ujenzi ni mchanganyiko tu, wala si lazima iwe na asetoni.

Jambo zito zaidi ni moto. Asetoni hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni. Msiifungue kwenye ukumbi au jiko lenye seredani, hata kama seredani iko pembe ya pili, na kamwe msiipashe moto ili "ifanye kazi haraka".

Mkaazi wa Fuoni
Nashukuru sana, na kwa Bi Hamamni hasa. Ringi zangu mbili kati ya zile nzima zimepakwa kromu, ile rangi ya kung'aa kama kioo. Je, kama ukanda wa mpira utakataa kutoka kwenye maji, naweza kumalizia kwa asetoni?

Fundi wa Mwanakwerekwe
Usizitie. Kromu ya namna hiyo mara nyingi hupakwa juu ya plastiki ya ABS, na asetoni huiyeyusha ABS. Ringi nyingi nzuri za rangi moja hufinyangwa kwa nailoni, ambayo huistahimili asetoni bila taabu. Tazama upande wa ndani: baadhi huwa na maandishi madogo ya PA, yaani nailoni, au ABS. Pasipo na maandishi, dondoshea tone moja la asetoni mahali pasipoonekana, subiri dakika moja kisha uguse; ikinata au ikififia, si nailoni.

ABS inahitaji uangalifu hata kwenye maji, kwa sababu huanza kulainika nyuzi 100 na kitu, na huku kwetu usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 kamili. Kwa zile mbili za kromu punguza moto maji yasitokote, rudia mara nyingi kwa muda mfupi, na usizisukume zikiwa moto sana, maana zitapinda. Nailoni haina shida hiyo, na maji ya moto huipunguzia hata ukavu unaoifanya ipasuke.

Mchezaji wa Makunduchi
Oveni haijapata mtetezi hapa, nami sitaitetea. Oveni nyingi za nyumbani hupanda na kushuka kwa makumi ya nyuzi kuzunguka kipimo ulichokiweka, na supagluu ikipashwa hutoa moshi unaowasha macho na pua, tena ndani ya chombo cha kuokea mkate. Petroli nayo, ambayo baadhi ya watu huitaja, huvimbisha mpira na gundi haiigusi.

Ninachotaka kuongeza ni kugundisha upya, kwa sababu wengi huokoa ringi kisha tairi likachomoka kwenye kona ya kwanza. Kwangua gundi yote ya zamani kwenye mfereji wa ringi, pitisha msasa laini, futa kwa spiriti, na uache pakauke. Tia gundi nyepesi kidogo kidogo huku ukiufunua mdomo wa tairi, kisha ulifunge kwa mipira ya kubania. Gundi ikimwagika msiifute kwa kipande cha kanga wala kitambaa chochote cha pamba, kwani ikikutana na pamba hupata joto kali linaloweza kuunguza kidole.

Mpemba wa Wete
Na asetoni iliyotumika isimwagwe uani. Maji yetu ya kunywa hutoka visimani, na mawe ya visiwa hivi hupitisha kila kinachomwagwa juu yake. Ichuje kwa kitambaa, irudishe chupani na uifunge vizuri. Itafanya kazi tena kwa matairi yatakayofuata, mpaka iwe nzito kwa gundi.