Fuso limekaba breki katikati ya lami usiku, nyanya zimejaa. Nilikosea wapi?

TandamuYaNyanya

Wakuu salaam. Naomba mawazo yenu, hasa mliokaa kwenye usukani miaka mingi, maana mimi nina mwaka mmoja na miezi tu tangu nitoke kwenye utingo.

Alhamisi iliyopita nilipakia nyanya Ilula, matenga yamepanda mpaka juu ya bodi, naelekea soko la Ilala. Fuso tandamu. Kitonga nimeshuka salama, Mikumi nimevuka, mzani wa Mikese nimetoka kama saa tano kasoro usiku. Mbele kidogo, kabla ya Bwawani, naanza kupanda kamlima, nikasikia nyuma fyuuuu. Kengele ya upepo ikaanza kulia. Nikasema ngoja nimalize huu mlima nipate pazuri pa kuegesha. Sikuumaliza. Sindano ya geji ilishuka naiona kwa macho, maksi za nyuma, zile breki za kuegeshea, zikakaba zenyewe, gari likaganda. Lote liko juu ya lami. Pembeni kuna nafasi nzuri tu ya kuegesha, hatua mbili, na siwezi kuifikia.

Nikawasha hazadi. Pembetatu ninayo moja, mguu umevunjika, nikaiegemeza kwenye jiwe hatua kama ishirini nyuma. Dogo, utingo wangu, akakata matawi. Mnaijua barabara ile usiku: malori ya Tunduma yanashuka bandarini, na mabasi nayo tangu yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023 hakuna saa yanapungua. Basi la kwanza lilitupita kwa kuyumba, upepo wake ukaiangusha pembetatu.

Fundi nikampigia Morogoro, akasema atafika saa nane huko. Dogo kachoka, akatandika boksi chini ya gari, kati ya tairi za nyuma, kama tunavyolala siku zote. Sijui nini kilinituma, nikamvuta mguu, nikamwambia twende tukakae kule ng'ambo ya mtaro. Alininunia hasa. Haikuisha nusu saa likaja lori, nikaona taa zake hazihami. Alishtuka akiwa ameshafika, akakata kulia, kona ya bodi lake ikachana kona yetu ya nyuma. Hakusimama. Matenga yakamwagika lami nzima, na gari zilizofuata zikapita juu yake. Harufu ya nyanya mbichi zilizopondwa na tairi mpaka leo iko puani. Alfajiri wanakijiji wakaja na ndoo.

Sasa tajiri anasema nilitelekeza gari. Eti ningekaa ndani na mguu kwenye pedeli ili taa za breki ziwake, lori lingeona. Anataka kunikata 1,200,000 kwa miezi mitatu. Mshahara wangu ni 400,000, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe nitakula nini.

Naomba kujua: gari likikaba hivyo unalitoaje barabarani? Alama unaweka umbali gani? Na je, kweli nilikosea kutoka ndani ya gari?

MzeeWaDifu

Pole sana mwanangu. Nianze na la mwisho: kutoka ndani ya gari hukukosea. Huyo tajiri aje alale yeye na mguu kwenye pedeli.

Ulipokosea ni pale uliposema "ngoja nimalize mlima". Maksi zinashikwa na upepo zisibane. Ndani ya ile chemba ya breki kuna springi nene, upepo ndio unaizuia. Upepo ukiisha, springi inabana, haikuulizi uko wapi. Kwa hiyo kengele ikilia haikuambii "breki zako zitakuwa dhaifu baadaye". Inakuambia una muda kidogo wa kuchagua utasimama wapi, ukiisha gari litachagua lenyewe. Ukisikia ile fyuuu, indiketa ya kushoto, toka lami hapo hapo, hata kama ni kwenye majani, hata kama tajiri atalia bodi limekwaruzika. Na usikanyage kanyage breki, kila ukikanyaga unamwaga upepo mwingine.

Shukuru halikutokea Kitonga. Pale ukikaba umeifunga Iringa na Mbeya nzima.

SpanaKumiNaTisa

Mkuu, mimi ni fundi, nimetoka usiku mara nyingi kwa kesi kama yako. Iko hivi.

Kwanza magogo au mawe makubwa kwenye tairi. Uko mlimani unapanda, basi yakae nyuma ya tairi, siyo mbele. Bila hilo usiguse kitu chochote chini ya gari.

Pili, tafuta inapovuja. Zima injini usikilize, usiku unasaidia. Ukikuta ni mpira wa breki ya kawaida wa gurudumu moja, unaweza kuukata, ukachomeka boliti inayoenea ndani, ukafunga klipu mbili, ukawasha injini upepo ujae. Maksi zitaachia zenyewe. Lakini kama mpira uliopasuka ndio unaoipelekea maksi upepo, kuziba peke yake hakutoshi: gurudumu lile litabaki limekaba. Hapo inatakiwa ile boliti ndefu yenye kichwa kama T. Chemba nyingi zina yake, imewekwa ubavuni kwenye kamfuko kake, na madereva wengi wanamaliza miaka kumi hawajui kuwa ipo. Toa kifuniko cha mpira nyuma ya chemba, ingiza boliti, zungusha robo inase, kisha kaza nati kwa spana, mara nyingi ni 19. Unavyokaza ndivyo springi inavyorudi nyuma. Tairi linaachia.

Mambo mawili nasisitiza. Ukiwa mlimani usilegeze maksi zote kwa mpigo, gari halitakuwa na kitu cha kulishika, litarudi na wewe uko chini. Na ule mkanda wa chuma ulioshika chemba katikati USIUFUNGUE KAMWE. Springi ile ikichomoka inaua, nimeshamzika mwenzangu wa gereji.

Na hii ni ya kusogeza gari hatua hizo mbili ulizosema, litoke lami. Siyo ya kwenda nayo Ilala.

TandamuYaNyanya

Fundi asante. Leo nimeingia chini na tochi, ile boliti kweli ipo. Imejaa tope na kutu, lakini ipo. Mwaka mzima nalala hatua moja kutoka kwake.

AbuWaMariakani

Salamu kutoka Mombasa. Mimi naendesha trela hii njia ya Nairobi, na kule Taru na Mackinnon Road nimeona mengi kama hayo yako. Huku kwetu pembetatu twaziita laifseva, na polisi akikukuta huna mbili mtazungumza sana.

Ndugu yangu, hatua ishirini si alama, hiyo ni mapambo. Hebu tupige hesabu. Lori likienda 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva mchovu usiku, tangu aone kitu mpaka mguu ufike kwenye breki, sekunde mbili zishakwenda. Hizo ni mita 44 na gari bado halijaanza hata kupunguza. Ongeza umbali wa kusimama na mzigo mgongoni. Alama ya kwanza iwe hatua mia na hamsini nyuma, na kama kuna kona au kilele cha mlima, iwe kabla ya kona, hata kama ni mbali zaidi. Ya pili hatua hamsini. Ukiwa na ya tatu, weka mbele ya gari, kwa wanaokuja upande wa pili.

Na unapokwenda kuweka, usitembee juu ya lami umeipa magari mgongo. Pita nje ya barabara, uso uwaelekee wanaokuja, tochi mkononi. Hiyo pembetatu yenyewe ibebe kifuani, iwaangaze. Imekusudiwa kuonekana, basi ionekane nawe.

KandaMbili

Mimi natumia kopo la mchanga, namwagia dizeli, nawasha. Moto unaonekana kilomita moja. Pembetatu za nini.

SpanaKumiNaTisa

@KandaMbili mpaka siku tenki lako litakapokuwa linavuja na hujui. Morogoro tulizika watu zaidi ya 100 mwaka 2019 kwa lori la mafuta pale Msamvu. Moto na gari bovu visikae pamoja, tafadhali.

BodaUbena

Naomba na mimi niseme, ingawa sina lori. Nyie wenye malori mkishatengeneza gari mnaondoka, mawe mnaacha kwenye lami. Matawi mnaacha. Sisi wa pikipiki tukija nyuma na kataa ketu kamoja tunayakuta tayari yako chini ya tairi la mbele. Mwezi wa tatu nimevunjika mkono kwa jiwe la mtu aliyekuwa ameshafika Dar anakunywa chai. Mtoa mada, yako uliyaondoa?

TandamuYaNyanya

@BodaUbena pole sana kaka. Mawe tuliyaondoa. Matawi sikumbuki, kweli. Nisamehe.

MamaFusoMbili

Mimi niko upande wa pili, nina Fuso mbili na nimekopa benki kuzinunua, kwa hiyo msinirukie.

Kijana, pole, na namshukuru Mungu wewe na dogo mko hai. Lakini mnapotusema matajiri mjue na sisi tunachoona. Dereva anapiga simu saa sita usiku, "gari limekufa." Limekufaje, hasemi. Yuko wapi, "mbele ya Mikese". Picha hakuna. Asubuhi nasikia dizeli imeisha, betri moja haipo, turubai limechanwa. Nitajuaje kama alilinda au aliuza? Madereva wangu nimewaambia: likizima, nipigie kabla ya fundi. Piga picha ya geji, ya kilichopasuka, ya alama ulizoweka, ya gari lilivyokaa. Kaeni mahali mnaliona gari ila halitawafikia likigongwa. Mkikaa hapo na tochi, mwizi wa dizeli haji, anapenda gari lisilo na mtu au lenye watu waliolala.

Nyanya nazo tuseme ukweli, haziwezi kusubiri. Tajiri wako angeshapata lori la kufaulisha kutoka Morogoro usiku ule ule kama angejua mapema kwamba fundi anakuja saa nane. Sijui kama ulimpigia.

Hilo la kukukata mshahara wote silitetei. Pembetatu moja yenye mguu uliovunjika ni aibu ya mwenye gari.

TandamuYaNyanya

Mama, shikamoo. Nilimpigia saa kumi na moja alfajiri. Niliogopa.

MamaFusoMbili

Marahaba. Ndiyo hapo sasa.

KitongaJuu

Nyongeza tu kwa wanaopita Mikumi: zile kilomita 50 za ndani ya hifadhi habari ya kukata matawi na kukaa mtaroni isahau. Ukiharibikiwa humo unabaki kwenye kichwa, vioo juu, taa zote zinawaka, unaomba msaada kwa simu. Tembo hajui hazadi ni nini.

SheriaKwaDereva

Nimesoma suala la makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaeleza hili vizuri. Mwajiri haruhusiwi kukukata kwa hasara kwa kutamka tu. Kwanza hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako. Pili akueleze kwa maandishi chanzo, kiasi na alivyokipata hicho kiasi. Tatu akupe nafasi ya kupinga. Nne ukubali kwa maandishi. Na hata ukikubali, makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya mshahara wako. Robo ya 400,000 ni 100,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo usisaini kitu hujakielewa, na usigombane. Mwombe barua. Akikataa na akakata, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, iliyo karibu nawe. Kwa mgogoro wa namna hii una siku 60, usikae ukihesabu nyota. Je, ajali uliripoti polisi?

TandamuYaNyanya

Trafiki walifika alfajiri, wakapima, wakaandika. Namba ya taarifa ninayo.

SheriaKwaDereva

Hiyo karatasi ni dhahabu, itunze. Inaonyesha uligongwa ukiwa umesimama. Na kama lile Fuso lina bima kubwa, tajiri angeanzia huko kabla ya kuanzia mfukoni mwako.

MzeeWaDifu

Mmeongea yote ila mmoja hamjamtaja. Yule dogo yuko wapi?

TandamuYaNyanya

Mzee, dogo yupo. Ile asubuhi tulipolisogeza gari, tenga moja lilikuwa limeanguka pale pale alipotandika boksi, na lile gogo la kuzuia tairi limesukumwa juu ya boksi lenyewe. Alisimama akaliangalia muda mrefu, akaliokota akalikunja akalitia kwenye kichwa. Hajasema neno. Ila sasa tukiegesha popote halali chini ya gari, hata mvua ikinyesha anakaa nje na mwavuli.

TandamuYaNyanya (siku nne baadaye)

Wakuu, mrejesho. Nimemwomba tajiri barua kwa adabu kama nilivyoelekezwa. Kanyamaza siku mbili, kisha kaniita, kasema hilo la milioni moja na laki mbili tuliache kwanza, anafuatilia bima. Mpira mpya umefungwa, boliti za maksi nimezisafisha zote na kuzipaka grisi. Na kanunua pembetatu mpya mbili na tochi ya kuchaji.

Hela yake kakata kwenye posho yangu ya safari.

SheriaKwaDereva

Omba risiti.