Choo cha mtindo wa kale: bakuli la zamani halisi au jipya?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Tumehamia nyumba ya miaka ya 1890 hapa Uingereza, na bafu waliotangulia walishalibomoa lote. Natamani choo chenye tangi la juu na mnyororo wa kuvuta. Nimepata mtu anayeuza bakuli la enzi hizo lenye maua ya buluu ndani. Nilichukue?

*

Marahaba mdogo wangu, hongereni kwa nyumba.

Bakuli hilo liache. Mimi nilinunua la aina hiyo nikalitoa kabla ya mwaka kwisha. Yale yalitengenezwa kusafishwa kwa galoni mbili za maji, yaani lita 9. Kanuni za hapa, tangu 2001, choo kipya kisizidi lita 6 kila unapovuta. Lita 6 ndani ya bakuli la lita 9, karatasi inazunguka tu, unavuta tena na tena. Nunua bakuli na tangi vilivyotengenezwa pamoja. Umbo la kale utalipata, na uchafu utaondoka.

Halafu, kabla hujapenda picha yoyote, piga magoti uangalie bomba la uchafu: linazama sakafuni au linatokea ukutani? Bakuli la huku haliingii kule. Pima toka ukutani hadi katikati ya tundu, ukihesabu na unene wa vigae vitakavyobandikwa.

Tangi la juu hukaa kama mita mbili toka sakafuni, kwa hiyo pima dari, hasa linapoinama. Na gonga ukuta. Kuta nyingi za ndani za nyumba hizo ni fito zilizopigwa lipu, na skrubu haishiki kwenye lipu. Maji peke yake ni kilo 6, bado tangi. Mwambie fundi afunge ubao kwenye nguzo za mbao zilizo ndani ya ukuta, tangi likae juu yake.

Ndani ya tangi omba sifoni, yaani bomba lililopinda linalonyonya maji ukivuta mnyororo. Ile aina nyingine, inayoziba tundu la tangi kwa kipira, kipira kikichakaa maji huvuja kimyakimya na bili inapanda.

Nani analala chumba cha jirani? Maji yakishuka toka juu yana kishindo.

*

Asante sana dada. Bomba linazama sakafuni, nimepima sentimita 21. Na jirani ni chumba cha mtoto wa miezi minne, basi tutachukua tangi la chini lenye bomba fupi. Baba watoto ameshaanza kugonga ukuta.